Usinunue Gunia, Nunua Kilichomo Ndani Yake

Haya ni maneno ya mazungumzo ya afisa wa mifugo aliyefanya kazi miaka mingi katika vijiji na masoko ya Busia na Tororo. Alizungumza na wafugaji wa makazi ya Kiryandongo. Tunayachapisha kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika, na kwa wale waliofika wapate kukumbuka. Msomee na jirani yako asiyejua kusoma.

 

Wengi wenu hapa mliingia Uganda mwanzoni mwa mwaka 2008, baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007. Mlivukia Busia na Malaba, mkapokewa Mulanda, wilayani Tororo, na baadaye mwaka uleule mkaletwa hapa Kiryandongo. Wengine mmetoka Sudan Kusini na Kongo. Mimi nimefanya kazi yangu kule kule mpakani, kwa hiyo mifano yangu mingi itatoka Busia na Tororo. Masoko yale baadhi yenu mnayajua kuliko ninavyoyajua mimi. Na wale wasioyajua wasiwe na wasiwasi. Pumba ni pumba, iwe imenunuliwa Busia au hapa Bweyale.

Nimeombwa nizungumze juu ya chakula cha kondoo: namna ya kujua kilicho kizuri, na namna ya kujua kama bei yake ni ya haki. Kuna watu watakaouliza, mkimbizi anunue chakula cha kondoo kwa fedha gani? Swali hilo ni la haki. Tangu mgawo wa chakula ulipopunguzwa mwaka 2023, shilingi ya pumba ni shilingi iliyotoka mdomoni mwa mtoto. Ndiyo sababu nimekuja. Anayepoteza fedha hizo kwa kununua makapi amewanyima watoto wake, na kondoo naye hakushiba.

Kupotea njia ndiko kujua njia, wahenga walisema. Nianze basi na kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa kijana nilifuga kondoo 9 karibu na Tororo. Kiangazi kilipoingia nikanunua magunia 10 ya pumba za mpunga kwa mchuuzi mmoja, kwa sababu bei yake ilikuwa nusu ya bei ya pumba za mahindi. Nikajiona mjanja. Kondoo wangu walikula, matumbo yakajaa, lakini migongo ikazidi kuchongoka. Majike wawili walizaa wana wadogo kama paka, na maziwa hayakutoka. Mzee jirani yangu akaja, akachota konzi moja ya pumba zile, akazitia katika kikombe cha maji. Karibu zote zikaelea. Akaniambia, "Mwanangu, hizi si pumba. Umenunua maganda ya mpunga." Magunia 10 ya maganda! Wanakondoo wale wote wawili walikufa. Tangu siku hiyo sinunui gunia. Nanunua kilichomo ndani yake.

KONDOO ANAHITAJI NINI

Kondoo wetu wa kienyeji aliyekomaa ana uzito wa kilo 25 hadi 35. Kwa siku anahitaji chakula kikavu kama kilo 1 hivi. Nasema kikavu, maana majani mabichi yana maji mengi, na maji hayo hayamshibishi. Sehemu kubwa ya kilo hiyo lazima iwe nyasi na majani. Kondoo hacheui unga, anacheua nyasi. Kwa hiyo chakula cha kununua ni nyongeza tu, gramu 200 hadi 300 kwa siku.

Katika nyongeza hiyo tunatafuta vitu viwili. Cha kwanza ni nguvu, ambayo hutoka kwenye wanga na mafuta: pumba za mahindi, muhogo mkavu, molasi. Cha pili ni protini, ambayo hujenga mwili, mimba na maziwa: mashudu ya alizeti, mashudu ya pamba, majani ya jamii ya kunde.

Wakati wa mvua nyasi changa zina vyote viwili. Wakati wa kiangazi nyasi kavu na mabua ya mahindi yana protini kidogo sana, kama 4 au 5 katika 100. Protini ikishuka chini ya 7 katika 100, wale wadudu wadogo wanaosaga nyasi ndani ya tumbo la kondoo hukosa chakula chao. Hapo nyasi hukaa tumboni bila kusagika vizuri, na kondoo hula kidogo ingawa nyasi zipo. Ukimpa protini kidogo tu, ataanza kula hata yale mabua aliyoyakataa. Kumbuka jambo hili: wakati wa kiangazi anachokosa kondoo kwanza ni protini. Ukimwongezea pumba peke yake, hujaziba pengo lenyewe.

Kabla ya kutoa shilingi, tazama kilicho bure. Majani na mashina ya viazi vitamu yana protini nzuri, na Busia na Tororo yamejaa kila shamba baada ya mavuno. Majani makavu ya karanga na ya maharagwe yana thamani kubwa, na watu huyachoma moto! Yakusanye, yakaushe, yaweke juu ya dari. Ukipanda kaliandra kwenye mpaka wa kiwanja chako, utavuna protini miaka mingi.

Na jambo moja zaidi. Kondoo mwenye minyoo ukimlisha, unailisha minyoo. Vuta chini ukope wa chini wa jicho lake. Ukiwa mwekundu, vizuri. Ukiwa mweupe kama karatasi, damu imenyonywa. Mtibu kwanza, kisha nunua chakula.

GOROGORO, DEBE NA MIZANI

Soko la Busia, upande wa Kenya na upande wa Uganda, huuza vitu vingi kwa gorogoro, kwa debe na kwa gunia. Vipimo hivi hupima nafasi, havipimi uzito. Debe la pumba safi za mahindi na debe la pumba zilizojaa maganda huonekana sawa kwa macho, lakini moja ni zito na jingine ni jepesi kama manyoya. Yule anayeuza maganda anapenda sana debe.

Mkiwa wafugaji 10, changeni mnunue mizani ndogo ya kuning'iniza. Pimeni gunia mbele ya mwenye duka. Ikiwa hamna mizani, beba debe mbili za wachuuzi wawili, moja kila mkono. Mkono wako utakuambia.

Usitazame juu ya gunia tu. Juu ni dirisha la duka. Omba limiminwe kwenye turubai, au ingiza mkono mpaka kiwiko na utoe konzi kutoka chini na pembeni. Mchuuzi mwaminifu hatakasirika. Akikasirika, amekwisha kukujibu.

MACHO, PUA, MKONO NA KIKOMBE CHA MAJI

Hatuna maabara hapa, lakini Mungu ametupa vifaa. Nitataja vitu kimoja kimoja.

Pumba za mahindi. Pumba nzuri zina rangi ya mahindi yenyewe, zina harufu tamu ya unga, na bado zina kiini cha punje, maana humo ndimo mna mafuta na protini. Protini yake ni kama 10 katika 100. Zikamate konzi moja, zibane kwa nguvu, kisha fungua mkono. Zikibaki bonge linalovunjika taratibu, zina unga na mafuta. Zikitawanyika mara moja kama vumbi la mbao, ni maganda matupu. Lakini angalia: zikishikana kwa sababu ni mbichi na baridi, hilo ni maji, na maji huleta ukungu. Ukiingiza mkono katikati ya gunia na kusikia joto, liache. Limeanza kuchacha.

Pumba za mpunga. Mpunga unalimwa kwa wingi Doho, wilayani Butaleja, ambayo mpaka mwaka 2005 ilikuwa sehemu ya Tororo. Mashine nyingi ndogo hukoboa mara moja tu, ganda na pumba hutoka pamoja. Ganda la mpunga halimfai kondoo, ni gumu kama mchanga wa kioo. Tumia kikombe cha yule mzee wangu. Tia konzi moja ndani ya maji, koroga, subiri dakika chache. Maganda huelea. Pumba hulowa na kushuka. Mchanga huzama mara moja na kukaa chini kabisa. Kama zaidi ya robo inaelea, bei lazima ishuke sana, au uondoke. Pia nusa. Pumba za mpunga zina mafuta yanayoharibika upesi, zikikaa hutoa harufu kali ya mafuta ya zamani. Nunua za wiki hii, usiweke akiba.

Mashudu ya alizeti. Mengi hutoka Lira, kwa hiyo ninyi mko karibu nayo kuliko watu wa Busia. Protini yake hufika 25 au zaidi katika 100, lakini hutegemea maganda. Ukiona vipande vyeusi vya maganda ni vingi kuliko sehemu ya kijivu, protini ni kidogo. Kipande kizuri huvunjika kwa mkono, huacha mafuta kidogo kwenye vidole, na hunukia kama karanga.

Mashudu ya pamba. Haya yana protini nyingi, kama 25 yakiwa na maganda, na zaidi ya 35 yakiwa yamekobolewa. Tafuta rangi ya manjano inayoelekea kahawia. Yakiwa meusi na yananuka moshi, yaliungua kiwandani, na protini iliyoungua haisagiki vizuri. Yakiwa na nyuzi nyingi za pamba, unanunua nguo. Mashudu ya pamba pia yana sumu yake ya asili. Kondoo mzima anaistahimili kwa kiasi, lakini mwanakondoo ambaye bado ananyonya asipewe.

Maganda ya muhogo. Haya ni nguvu, protini ni kidogo sana. Muhogo mchungu una sumu inayoweza kuua upesi. Katakata maganda vipande vidogo na uyaanike juani siku 2 au 3 mpaka yavunjike kama kijiti. Usiwape mabichi.

Machicha. Kule Tororo wazee hukaa kuzunguka chungu cha malwa na mirija yao, na asubuhi yanabaki machicha ya wimbi. Machicha ni chakula kizuri, lakini yana maji mengi mno. Katika kilo 20 za machicha mabichi, chakula kikavu ni kilo 4 au 5 tu. Ukiuziwa ndoo, jua kwamba robo tatu na zaidi ya fedha zako zimenunua maji. Yaanike siku ileile, maana siku ya pili huchacha. Mabaki ya waragi usiwape kabisa.

Dagaa. Wengine huniuliza juu ya dagaa, yaani omena au mukene. Yana protini nyingi sana, kupita 50 katika 100. Lakini yana bei, mara nyingi yametiwa mchanga ili yaongeze uzito, na tena ni chakula cha watu. Dagaa mpe mtoto wako. Kondoo anaweza kutengeneza protini kutoka majani, mtoto hawezi.

UKUNGU SI JAMBO DOGO

Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Nimesikia mara nyingi, "Mahindi haya yameoza kidogo, watu hawawezi kula, tuwape kondoo." Maneno haya ni ya hatari.

Ukungu wa mahindi na karanga hutengeneza sumu iitwayo aflatoksini. Haionekani kwa macho, haina harufu, na kupika hakuiondoi. Mwaka 2004, hasa katika wilaya za Makueni na Kitui nchini Kenya, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na 125 wakafa. Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilisimamisha kuingiza mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu hii, na malori yakakwama mpakani Busia. Siku chache baadaye mlango ulifunguliwa tena kwa masharti: waagizaji wajiandikishe, na kila shehena iwe na cheti cha kuonyesha kwamba aflatoksini haizidi sehemu 10 katika bilioni. Ndugu zangu, kiwango hicho ni sawa na gramu 1 katika tani 100 za mahindi. Ndivyo sumu hii ilivyo kali.

Jiulizeni: mahindi yaliyokataliwa na watu huenda wapi? Hutafuta mnunuzi mwingine. Mara nyingi mnunuzi huyo ni mfugaji. Na sumu hukaa zaidi kwenye ganda na kiini, yaani kwenye zile pumba mnazonunua.

Kondoo aliyekomaa anaistahimili sumu hii kuliko bata au kuku, lakini ini lake huharibika pole pole. Wenye mimba na wanakondoo huumia upesi zaidi. Tena sumu hupita kwenye maziwa, kwa hiyo mtoto wa kondoo, au mtoto wako, ataikuta huko.

Kwa hiyo ukiona rangi ya kijani, ya manjano au nyeusi ya ukungu, au ukinusa harufu ya nyumba iliyofungwa, usinunue hata kwa bure. Na mahindi yako mwenyewe yapime kabla ya kuyahifadhi. Chukua chupa kavu ya kioo, tia punje mpaka robo, ongeza vijiko viwili vya chumvi kavu, funga, tikisa dakika chache, kisha iache itulie. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi bado yana maji, yarudishe juani. Anika juu ya turubai, si juu ya udongo. Weka magunia juu ya mbao, mbali na ukuta.

VITU VINAVYOFAA WENGINE LAKINI HUMWUA KONDOO

Kondoo si ng'ombe mdogo. Mwili wake hauwezi kutoa nje madini ya shaba kama wanyama wengine. Shaba hukusanyika kwenye ini miezi mingi, kondoo akionekana mzima kabisa, kisha siku moja macho yanakuwa ya manjano, mkojo unakuwa mwekundu kama kahawa, na baada ya siku moja au mbili amekufa. Chakula cha nguruwe na cha kuku mara nyingi hutiwa shaba. Chumvi ya madini ya ng'ombe pia. Muulize mwenye duka, soma karatasi ya mfuko, na kama huna uhakika mpe chumvi ya kawaida ya jikoni. Ni rahisi na ni salama.

Watu wa Tororo wamezungukwa na mawe ya chokaa, na milima ya Sukulu ina mawe ya fosfati. Chokaa ya kusaga iliyotengenezwa kwa mifugo ni nzuri. Chokaa ya kupaka nyumba imechomwa, na humchoma kondoo koo. Mawe ya fosfati ambayo hayajasafishwa yana madini ya floraidi, ambayo huharibu meno na mifupa. Usisage mawe nyumbani kwa ajili ya kondoo.

Urea ya shambani isiwekwe karibu na chakula chao. Machipukizi ya mtama baada ya ukame yana sumu kama ya muhogo mchungu, ngoja yakue. Na usimwage mahindi au unga mwingi ghafla mbele ya kondoo aliyezoea nyasi. Tumbo huchachuka, hulala chini, hufa. Chakula kipya kianze na konzi moja, kikiongezeka kidogo kidogo kwa wiki 2.

HESABU YA BEI

Sasa tufanye hesabu. Bei nitakazotaja nimezitunga ili tujifunze, ninyi wekeni bei ya siku ya soko lenu.

Tuseme kilo 100 za pumba za mahindi ni shilingi 60,000 za Uganda. Zina protini kilo 10. Gawanya 60,000 kwa 10: kila kilo ya protini imekugharimu shilingi 6,000.

Tuseme kilo 100 za mashudu ya alizeti ni shilingi 110,000. Mtu atasema, "Haya ni ghali!" Lakini yana protini kilo 26. Gawanya: ni shilingi 4,230 hivi kwa kilo ya protini. Kwa protini, mashudu ndiyo rahisi.

Tuseme kilo 100 za pumba za mpunga zilizojaa maganda ni shilingi 30,000, na protini yake ni kilo 5. Gawanya: ni shilingi 6,000, sawasawa na pumba za mahindi, na tena nusu ya mzigo huo itapita tumboni ikatoka ilivyoingia. Nusu bei, lakini hakuna ulichookoa. Hilo ndilo shimo nililotumbukia mimi.

Hesabu ni hii tu: bei, gawanya kwa kilo za kitu unachokitafuta. Ukitafuta nguvu, linganisha bei ya kilo kavu ya pumba na ya muhogo mkavu. Ukitafuta protini, linganisha kilo za protini. Usilinganishe gunia na gunia.

Ongeza nauli pia. Mashudu ya bei nafuu yaliyo mbali, baada ya kulipa bodaboda, huenda yakapita bei ya yale ya karibu. Hapo ndipo kununua pamoja kunasaidia, gunia 10 kwa safari moja.

MCHANGANYIKO NA NANI APEWE

Mchanganyiko rahisi ni huu: pumba za mahindi kilo 7, mashudu ya alizeti kilo 3, na chumvi gramu 100. Kama unapata chokaa ya mifugo, ongeza gramu 100. Protini yake ni karibu 15 katika 100. Kwa bei zetu za mfano, kilo 1 ya mchanganyiko ni kama shilingi 750.

Usiwape wote sawa, fedha hazitatosha. Mpe kwanza jike mwenye mimba katika wiki 6 za mwisho, maana mimba ya kondoo ni miezi 5, lakini mtoto hukua zaidi katika hizo wiki 6. Endelea wiki 6 za kwanza za kunyonyesha. Jumla ni siku 84. Gramu 250 kwa siku ni kilo 21, yaani shilingi 16,000 hivi kwa bei zetu za mfano. Linganisha na bei ya mwanakondoo mmoja aliyekua, kisha uamue mwenyewe. Madume na wasio na mimba wapewe majani, mabua yaliyokatwa na maji.

Kwa dume, zaidi kwa yule aliyehasiwa, pumba nyingi huleta mawe katika njia ya mkojo. Atasimama akijikamua bila mkojo kutoka. Chokaa ya mifugo, chumvi, na maji mengi husaidia kuzuia.

Maji! Nimeyaacha mwisho kumbe yangekuwa ya kwanza. Chakula kikavu bila maji hakiliki. Jike anayenyonyesha apate maji safi, lita 3 au 4 kwa siku, na zaidi jua likiwa kali.

MANENO YA MWISHO

Ndugu zangu, chukueni haya mkaambiane nyumbani. Majani ya bure kwanza, ya kununua baadaye. Ingiza mkono mpaka chini ya gunia. Nusa, bana, tia kwenye kikombe cha maji. Pima kwa mizani. Gawanya bei kwa kilichomo. Ukungu usiingie kwako. Chakula cha nguruwe na cha kuku kisimguse kondoo.

Najua kwamba kondoo wawili au watatu si mali ya kujivunia mbele ya watu walioacha ng'ombe na mashamba. Lakini kondoo ni akiba inayotembea. Siku mtoto anapofukuzwa shule kwa ajili ya karo, au mtu anapolazwa usiku, kondoo huuzwa asubuhi. Na siku ya kurudi nyumbani, au ya kuanza upya mahali pengine, elimu hii haihitaji lori la kuibeba.

Haba na haba hujaza kibaba. Lakini kabla ya kukijaza, tazama kibaba hicho unakijaza nini.